Fumo Liyongo: Jabali la Ozi Lililoangushwa kwa Sindano

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu kwa barabara hufika mahali paitwapo Minjila, jirani na Garsen, ambapo njia huachana. Moja hushika kaskazini kwenda Garsen yenyewe, Hola na Garissa. Ya pili hukata upande wa kulia, ikavuka bonde la mto Tana na kuelekea Witu. Abiria wengi wa njia hii ya pili huwa wamekwisha kulala kabla ya kufika mtoni. Nia yao ni Lamu, na Lamu iko mbali bado. Wakizinduka Witu hununua maembe dirishani, basi likanguruma tena, safari ikaendelea.

Ni wachache sana wajuao kwamba hapo Witu, mtu akishuka na kushika njia ya kusini, baada ya kilomita kama 20 atafika Kipini, kijiji kilichoko pale mto unapomwaga maji yake baharini. Na karibu na Kipini, ndani ya vichaka vya pwani, kuna miji mitatu iliyokufa: Ungwana, Shaka na Mwana. Kutoka Garsen ni safari ambayo mtu aliyeamka mapema anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Sisi ni watu wa ajabu kidogo. Mtoto wetu wa shule aweza kukuchorea piramidi za Misri bila kutazama kitabu, na kama ni mwerevu atakutajia hata mahekalu ya Wamaya huko Meksiko, yaliyofunikwa na msitu kwa mamia ya miaka. Lakini umwulize Ungwana ni nini, atakutazama tu. Nayo Ungwana imo ndani ya eneo la bunge la Garsen, imefunikwa na msitu vile vile.

Katika miji hiyo mitatu, Ungwana ndio mkubwa. Wazee huuita Ungwana wa Mashaha. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mibuyu imeota ndani ya nyumba za watu, na mizizi imepasua mahali palipokuwa vyumba vya kulala. Ipo misikiti, yapo makaburi, na msikiti wa ijumaa ni wa namna yake, kwa kuwa ni misikiti miwili iliyojengwa ubavu kwa ubavu. Mwingereza James Kirkman, aliyekuwa mwangalizi wa magofu ya Gedi tangu mwaka 1948, alikuja kuchimba hapa katika miaka ya 1950, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1966. Katika miaka ya 1980 Mkenya, George Abungu, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alichimba tena na kuonyesha kwamba watu walikaa Ungwana mapema kuliko ilivyodhaniwa, tangu karne ya 10 hivi. Tena alionyesha kwamba miji hii haikula kutoka baharini peke yake. Ilikuwa na jamaa na wateja huko juu mtoni, mamia ya kilomita bara. Pembe, ngozi na nafaka zilishuka kwa mto, na vyombo vya udongo vya China na shanga za ng'ambo zikapanda.

Basi katika nchi hii, ambayo zamani iliitwa Ozi kwa jina la mto, ndipo anapotajwa kuishi mtu ambaye jina lake limeshinda majina ya wafalme wote wa pwani. Mtu huyo ni Fumo Liyongo.

Neno fumo katika lugha ya zamani ya pwani ya kaskazini ni mkuki wenye bapa pana, na pia ni cheo cha mfalme au mkuu. Ndiyo maana wafalme kadhaa wa Pate na Witu walikuwa na jina hilo: Fumo Madi, Fumo Luti, Fumobakari. Liyongo ndilo jina lake hasa, na wapo waandikao Liongo.

Habari zake zilihifadhiwa vinywani kwa muda mrefu kabla ya kuandikwa. Sayyid Abdallah bin Nasir, yule mwanachuoni aliyetunga Al-Inkishafi, anatajwa kuwa ndiye aliyeufanyia takhmisa wimbo mmoja wa Liyongo. Askofu Edward Steere alichapisha kisa cha Liyongo kama alivyokisikia Unguja, katika kitabu chake cha hadithi cha mwaka 1870. Kisha mwaka 1913 Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, fundi wa kuchonga milango na mwandishi mwenye hati nzuri kupita wenzake, aliandika utenzi wa Fumo Liyongo kwa ajili ya bibi mmoja wa Kiingereza, Alice Werner, ambaye aliuchapisha London mwaka 1926. Mwaka 1973 utenzi huo ulitolewa tena Dar es Salaam. Tunayoyasimulia hapa yametoka zaidi katika njia hiyo ya Kijuma, na pale anapohitilafiana na wa Unguja tutasema.

Liyongo alikuwa mwana wa mfalme. Alikuwa mrefu kupita kiasi na mpana kwa kadiri ya urefu wake, hata mtu asiyemjua akikutana naye njiani alishikwa na woga. Alikuwa hodari wa upinde. Zaidi ya hayo, na hili mara nyingi husahauliwa na wapenzi wa habari za nguvu, alikuwa malenga. Nyimbo zinazohesabiwa kuwa zake husifu upinde, husifu wanawake, na moja husifu mnazi na kileo chake kwa namna ambayo imewapa tabu wale wanaotaka shujaa wetu awe mcha Mungu wa mfano.

Mji wake unaitwa Shaga. Hapa pana ubishi. Wako wasemao Shaga ni Shanga, mji wa magofu ulioko katika kisiwa cha Pate. Lakini simulizi yenyewe inasema kwamba kutoka Shaga hadi Pate watu wa kawaida walitembea siku nne. Shanga na Pate ni kisiwa kimoja. Mtu aliyekula chakula cha asubuhi Shanga atafika Pate kabla ya cha jioni. Mimi basi naungana na wale wasemao kwamba Shaga ni hii Shaka ya karibu na Kipini, na kuta zake fupi zilizobaki ndizo zilizomlea Liyongo.

Wakati huo Pate ilitawaliwa na Daudi Mringwari, aliyekuwa jamaa yake Liyongo. Alice Werner alieleza ugomvi wao kwa habari ya urithi. Kwa desturi ya zamani ya watu wa pwani, kiti hakikurithiwa na mwana wa mfalme, kilirithiwa na mwana wa dada yake mfalme. Uislamu ulipoingia ukaleta sheria ya mwana kumrithi babake. Kwa desturi moja Mringwari ndiye mwenye haki, kwa sheria nyingine ni Liyongo. Ikiwa hivyo ndivyo, basi watu hawa wawili walikamatwa katikati ya mila mbili, kila mmoja akiamini kwa moyo safi kwamba mwenzake ni mnyang'anyi. Hapo hapahitajiki mtu mwovu ili damu imwagike.

Mambo yaliharibika siku walipofika Pate wageni kutoka bara kununua chakula. Utenzi unawaita Wagala, jina la zamani ambalo wenyewe hawalipendi. Sisi tutawaita Waorma, kama wanavyojulikana leo katika nchi ya Garsen. Mfalme katika mazungumzo aliwasifia jamaa yake Liyongo, nao wakataka kumwona. Ujumbe ukapelekwa Shaga. Liyongo akaja, na njia ile ya siku nne akaimaliza kwa siku moja. Akapiga panda yake nje ya mji, watu wakashtuka majumbani. Kisha akatua mkoba aliokuwa ameuchukua begani, akaanza kutoa vitu: kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu, na mafiga ya kupikia. Waorma wakastaajabu. Wakamwomba mfalme awape mbegu ya mtu huyu, yaani aoe kwao ili wapate mtoto wa jinsi yake.

Liyongo akakubali, akapewa mke wa Kiorma, akazaa naye mtoto wa kiume. Tumtie maanani mtoto huyu.

Wivu

Baada ya hapo jina la Liyongo lilikwenda mbali. Kila aliposifiwa, Mringwari aliona kiti chake kinatikisika. Sasa Liyongo ana nguvu, ana watu wa mjini wanaompenda kwa nyimbo zake, na ana wakwe wenye mifugo na mikuki huko bara. Mfalme akaamua auawe.

Jaribio la kwanza walipewa watu wa msituni, Waboni, Wasanye na Wadahalo, wawindaji wenye mishale ya sumu. Waliahidiwa reali 100 wakileta kichwa chake. Wakajifanya marafiki, wakala naye kikoa, kila siku zamu ya mmoja kutafuta chakula. Siku moja wakakubaliana kula makoma. Msomaji wa Garsen haitaji kuelezwa mkoma. Asiyeujua ni mti wa jamii ya mnazi, wenye matunda magumu, uotao kwa wingi kando ya Tana. Kila mtu alipanda kwa zamu akaangusha matunda, na hila yao ilikuwa zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti na mikono imeshika shina, wote wampige mishale kwa pamoja. Zamu ikafika. Liyongo akachagua mkoma mrefu kuliko yote, akasimama chini, akavuta upinde, akaliangusha kole zima kwa mshale. Wale wawindaji wakatazamana, kisha wakarudi kwa mfalme na kumwambia kazi hii hawaiwezi.

Hatimaye alikamatwa kwa hila, akatiwa gerezani mjini Pate, miguu na mikono katika pingu na minyororo, askari wakamlinda usiku na mchana.

Mkate wa wishwa

Sehemu hii ya maisha yake ndiyo ambayo watu wa pwani waliipenda kuliko zote, na hata leo mzee akisimulia habari za Liyongo sauti hubadilika akifika hapa.

Mamake alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi wake, Saada. Chakula kizuri askari walikitwaa wakala wao, wakamwachia mfungwa makombo na ukoko. Liyongo hakusema kitu. Akili yake iliona kwamba ulafi huo waweza kuwa mlango. Siku moja akamwimbia Saada wimbo mbele ya askari wenyewe, maneno yakiwa yamefungwa kiasi kwamba waliosimama pale walisikia wimbo tu. Ujumbe ulikuwa wazi kwa aliyekusudiwa: mama aoke mikate, mmoja wa unga mzuri, mwingine wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa.

Mama akafanya. Askari wakala mkate mzuri, ule wa makapi wakamtupia mfungwa kwa dharau, kama alivyojua watafanya. Sasa alikuwa na tupa, ila tupa ina kelele, na gerezani usiku ni kimya.

Alipoulizwa ana haja gani ya mwisho kabla ya kuuawa, hakutaka chakula wala msamaha. Aliomba lichezwe gungu, ngoma kubwa ya heshima, watu wote wakusanyike, matari na matasa na vugo vipigwe mpaka usiku wa manane. Mfalme hakuona ubaya. Liyongo mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu nyimbo kutoka ndani, nao wakaitikia nje. Ngoma ikapamba moto. Kila vugo zilipolia, tupa ilikata, zilipotulia, ilitulia. Mji mzima wa Pate ulikesha ukicheza, bila kujua kwamba unamsaidia mfungwa wa mfalme kukata pingu zake. Alipokuwa tayari akajinyosha, minyororo ikaanguka, akavunja mlango, akatoka mbele ya wachezaji. Waliokuwa wakiimba wakakimbia ovyo. Yeye akashika njia ya bara.

Nimetafakari mara nyingi juu ya usiku huo. Watu walipewa wimbo na mtu waliyekuja kumtazama kwa mara ya mwisho, wakauimba kwa furaha. Wangapi kati yao walijua? Utenzi hausemi. Simulizi zetu mara nyingi huacha mahali pa namna hii wazi, na ni heri.

Sindano

Akiwa huru msituni hakuna jeshi lililothubutu kumfuata. Mringwari alikuwa amejaribu wageni, akajaribu pingu. Sasa akamtazama yule mtoto.

Alikuwa amekwisha kuwa kijana, mwana wa mama Mwoorma na baba wa mjini. Mfalme akamwita, akamkalisha karibu, akamsemesha kama mtu mzima. Akamwahidi uwaziri, akamwahidi na binti yake amwoe. Kwa wa Unguja aliyemsimulia Steere, ahadi ilikuwa kubwa zaidi: ufalme wenyewe. Alichotakiwa ni kumwuliza babake siri moja, ni kitu gani kiwezacho kumwua. Mtu huyu alipigwa mishale na mikuki isimdhuru, kwa hiyo ilijulikana kwamba ipo siri.

Kijana akaenda. Liyongo akafurahi mno kumwona mwanawe, akakaa naye siku nyingi. Siku moja swali likatoka. Hapa simulizi haimfanyi Liyongo mjinga. Alitambua mara moja kwamba kijana ametumwa. Alimwambia kwamba waliomtuma wanamdanganya, na akishamaliza kazi yao watamcheka. Kisha, pamoja na kujua hayo yote, akamwambia siri: chuma hakimwui, mshale haumwui, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Kwa nini alisema? Wagiriki wana Achilles wao, aliyekuwa na udhaifu wa kisigino, lakini siri yake haikutoka kinywani mwake mwenyewe kwa mwanawe. Wengine hueleza kwamba mtu mwenye nguvu nyingi huwa haamini kifo. Mimi naona jambo liko karibu zaidi na nyumbani. Mtoto yule alikulia mbali na baba anayewindwa. Baba aliyekuwa amejificha miaka mingi alipata mara moja mtu wa kukaa naye usiku, naye ni damu yake. Kumnyima jibu kungekuwa kumwambia kwamba si mwanangu tena. Alichagua kumpa.

Kijana akarudi na sindano. Akangoja mpaka babake amechoka, amelala chali, anakoroma. Akamchoma kitovuni, akakimbia.

Liyongo akazinduka kwa uchungu. Akatwaa upinde wake na mishale, akatoka mpaka karibu na kisima cha mji ambako watu huteka maji. Hapo akapiga goti, akatia mshale katika upinde, akauvuta, akafa vivyo hivyo, macho yametazama njia. Alfajiri waliokuja kuteka maji wakamwona. Wakadhani yu hai na ameghadhibika. Wakatupa mitungi wakakimbia.

Hakuna aliyethubutu kusogea. Siku zikapita, mji ukashikwa na kiu. Ikabidi wamwendee mamake, wakamwomba akamtulize mwanawe. Mama akaja, akasimama kwa mbali, akambembeleza kwa nyimbo alizozipenda, akamwuliza nani amemkosea. Hakujibiwa. Akarudi siku ya pili, na ya tatu. Naye pia hakujua kwamba anaimbia maiti. Mpaka mwili ulipoanguka wenyewe ndipo watu walipofahamu, wakamtazama, wakaikuta sindano.

Malipo ya kijana hayana hitilafu kubwa. Kwa Steere, watu wa mjini walimkamata wakamwua, wala ufalme hakupewa. Kwa Kijuma, mfalme alimgeuka, ahadi zikafutwa, akadharauliwa na kila mtu. Katika utenzi hana jina. Anaitwa kijana.

Watu wa Tana ya chini wana sababu ya kuitazama sehemu hii kwa jicho jingine. Ndoa ya Liyongo ilikuwa mkataba kati ya mji na malisho. Mtoto aliyezaliwa alikuwa na haki ya kunywa maji pande zote mbili. Wakubwa wa mjini wakamwona kuwa ni chombo tu. Nchi hii ya Garsen imeona ugomvi wa mkulima na mfugaji juu ya maji na nyasi. Mwaka 2012 na mapema 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana, wengi wao wanawake na watoto, Wapokomo na Waorma. Sidai kwamba Kijuma aliyaona hayo. Lakini mtu akisimama Kipini na kukumbuka kwamba katika kisa kikubwa kuliko vyote vya mahali hapa watu walikaa na kiu karibu na kisima kilichojaa, kwa kuogopana, hawezi kukiita kisa cha zamani tu.

Wapokomo nao wana kumbukumbu yao, na si ya nyimbo na gungu. Katika simulizi zao Liyongo anatajwa kuwa bwana aliyewatawala na kuwatoza ushuru. Shujaa wa mjini alikuwa mzigo mtoni. Mwandishi wa maisha yake hana ruhusa ya kuficha hilo, ingawa vitabu vingi vya shule, vinavyomsoma Liyongo kama mfano wa mighani, hulipita kimya.

Aliishi lini? Wataalamu wameshindana. Wako wamwekao karne ya 12 au ya 13, na wako wamletao karibu mpaka karne ya 17. Ukifuata magofu, nafasi ni pana: Ungwana ilikuwako tangu karne ya 10 na ikaachwa karne ya 17. Miji haikutoweka kwa mara moja. Mareno walichoma miji kadhaa ya pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16. Mashambulizi ya bara yakafuata. Na mto nao hauna adabu, hubadili njia upendavyo. Maji ya Tana yamwagikayo Kipini leo hupita katika mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono katika karne ya 19 ili kuunganisha Tana na Ozi, na mto ukaupenda kuliko njia yake ya asili. Wako wanaosema Liyongo hakuwako kabisa. Huenda. Ila nyimbo zinazohesabiwa kuwa zake ni nyingi mno, na Kiswahili chake ni cha kale mno. Kikundi cha wataalamu kilizikusanya na kuzichapisha Ujerumani mwaka 2004, kitabu kizima. Mtu mmoja au wengi, alikuwako mwenye kutunga.

Kaburi lake huonyeshwa Kipini. Wenyeji wamelionyesha kwa wageni kwa vizazi, na kila mgeni ametaka kwanza kupima urefu wake, kama kwamba hoja yote iko katika hatua za miguu.

Anayetaka kwenda na achague kiangazi. Masika yakinyesha Tana hufurika, na njia za udongo za upande wa Kipini hugeuka matope ambayo hata trekta huyaheshimu. Apite kwa wazee wa Kipini kwanza, aombe kijana wa kumwongoza, kwa kuwa vijia vya Ungwana na Shaka hufungwa na miiba kila mwaka na mgeni peke yake hupotea. Avae viatu vizuri. Achukue maji ya kunywa ya kutosha. Na vile vigae vya vyombo vya China atakavyoviona chini, vya samawati na vya kijani, aviache hapo hapo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yavilinda, na kila kimoja kiokotwacho ni neno moja limetolewa katika habari za mji huu, ambazo tayari zina mapengo mengi.